Mipira ya gofu ndani ya tairi za mbele za lori: je, inasawazisha kweli?

Dereva wa Tunduma

Ndugu zangu madereva na mafundi, nawasalimu. Naendesha lori la tela kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingine navuka mpaka kuingia Zambia. Tangu tulipofunga tairi mbili mpya za mbele, saizi 315/80R22.5 zisizotumia tyubu, usukani umeanza kutetemeka nikifika kilomita 60 kwa saa. Mtetemo huwa mkali zaidi karibu na 65, kisha hupungua ninapokaribia 80, ambao ndio mwisho wa mwendo tunaoruhusiwa kisheria kwa magari ya uzito huu. Tela likiwa na mzigo au likiwa tupu, hali ni ileile.

Shemeji yangu anaendesha malori makubwa huko Marekani. Nilipomweleza shida hii aliniambia kwamba madereva wengi wa kule huweka mipira ya gofu ndani ya tairi za mbele kabla ya kujaza upepo, na kwamba tairi ikishashika mwendo mipira hiyo hujipanga yenyewe upande ulio mwepesi, ikafanya kazi ya vile vizito vya risasi tunavyogongewa kwenye rimu. Nilidhani ananitania, lakini alisisitiza. Utingo wangu ameshampata kijana anayeuza mipira iliyookotwa kwenye uwanja wa gofu, na bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kubalansi. Tajiri naye hana pingamizi, mradi gari lisilale.

Ninachotaka kujua ni kama jambo hili lina msingi wowote, na kama mipira hiyo inaweza kuharibu tairi. Tairi za mbele ni ghali, na zikipasuka kwenye mteremko wa Kitonga hakuna wa kusimulia.

Msafirishaji wa Ohio

Ndugu yangu, shemeji yako hakukudanganya kuhusu desturi yenyewe. Mimi ni Mtanzania ninayeendesha lori hapa Ohio, na jambo hili ni la miaka mingi, hasa miongoni mwa madereva wanaomiliki magari yao wenyewe. Hufanywa zaidi kwenye tairi mbili za usukani kwa sababu hapo ndipo mtetemo unapofika mikononi. Kwenye tairi za nyuma na za tela wengi hawajisumbui. Idadi hutofautiana, lakini hesabu utakayoisikia mara nyingi ni mipira 12 kwa kila tairi. Hutumbukizwa wakati ukingo mmoja tu wa tairi umeshaingia kwenye rimu, kisha ukingo wa pili hufungwa na upepo ukajazwa kama kawaida. Gari likianza kuondoka utaisikia ikibingirika na kugongana humo ndani. Mwendo ukiongezeka kidogo kelele hukatika.

Wanaoitumia huisifu sana. Husema usukani hutulia, tairi hulika sawasawa pande zote, na kwamba hawahitaji kurudi kwenye mashine ya balansi kila tairi inapoanza kuchakaa, kwa sababu mipira hujipanga upya kila safari. Hata hivyo, kumbuka kwamba wenzetu hawa huendesha kwa mwendo wa kilomita 105 hadi 115 kwa saa kwa muda mrefu bila kukanyaga breki, katika barabara zisizo na matuta. Sijamwona mtu aliyejaribu katika mazingira ya barabara ya Tanzam.

Fundi Tairi Msamvu

Kaka Dereva, kabla ya kununua mipira, jiulize ni kitu gani kinachotetemeka. Umesema mwenyewe kwamba ugonjwa ulianza baada ya kufungwa tairi mpya. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu usukani unaotetemeka si lazima uwe umekosa balansi. Mara nyingi tairi imekaa vibaya kwenye rimu, au rimu imekaa vibaya kwenye habu, yaani kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa kwa nati.

Mwambie fundi ainue ekseli ya mbele kwa jeki, aweke kigogo cha usalama chini yake, kisha asimamishe kipande cha chuma au chaki karibu kabisa na kashata za tairi, yaani meno yanayokanyaga barabara, bila kuzigusa, na azungushe tairi taratibu kwa mkono. Nafasi kati ya chaki na tairi ikiwa inapanuka na kupungua kwa zaidi ya milimita 2 au 3, tairi haizunguki katika duara kamili, na hakuna kizito wala mpira utakaoiponya. Tazama pia ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu wa tairi karibu na ukingo wa rimu. Ukiwa karibu na rimu upande mmoja na mbali upande wa pili, ukingo wa tairi haujakaa sawa. Dawa yake ni kutoa upepo wote, kuachanisha tairi na rimu, kupaka sabuni ya kufungia, na kujaza upya ndani ya kizimba cha usalama, yaani tundu la vyuma linalomkinga fundi tairi ikipasuka.

Tairi nyingi mpya huja na alama ya duara la rangi ya njano. Alama hiyo huonyesha upande mwepesi, na inapaswa kukaa mkabala na valvu, kwa kuwa valvu huongeza uzito kidogo kwenye rimu. Ikiwa kuna alama nyekundu, hiyo ni habari nyingine: huonyesha sehemu ya tairi iliyo juu zaidi au ngumu zaidi, nayo hulinganishwa na sehemu ya chini kabisa ya rimu kama rimu imetiwa alama. Mafundi wengi wa kando ya barabara hawazitazami kabisa alama hizi. Kutu na matope yaliyoganda kwenye uso wa habu nayo huifanya rimu ikae upande, hata kama nati zimekazwa hadi mwisho.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo ukague beringi za habu, kingipini (pini ambayo tairi ya mbele hugeukia) na ncha za tai rodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele zigeuke pamoja). Tairi iliyokosa balansi kidogo tu hutikisa usukani vibaya sana ikiwa vitu hivyo vimelegea.

Mwenye Malori, Mombasa

Mimi si fundi bali ni mmiliki, na malori yangu huenda Malaba. Nitazungumzia pesa, maana naona kaka amevutiwa na bei ya mipira.

Kuna vitu vilivyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Kuna shanga ndogo za kioo au za kauri zinazowekwa ndani ya tairi, na zile za Counteract huuzwa kwa mifuko iliyopimwa kulingana na saizi ya tairi, pamoja na moyo wa valvu wenye chujio ili shanga zisikwame humo unapopima upepo. Kuna pia bangili za chuma, kama zile za Centramatic, ambazo hufungwa nyuma ya rimu, kwenye habu, zikiwa na gololi ndani ya kimiminika. Faida ya bangili ni kwamba hazigusi sehemu ya ndani ya tairi, na unapobadilisha tairi hubaki pale pale. Kwa upande wangu, nimebaki na vizito vya kawaida kwenye mashine kwa tairi za mbele, kwa sababu nikilinganisha gharama ya balansi na bei ya tairi moja ya mbele iliyolika upande kabla ya wakati wake, sioni ninachookoa kwa kukwepa mashine.

Naomba pia kaka asome kadi ya dhamana ya tairi zake. Watengenezaji huitazama kwa jicho kali tairi iliyoharibika upande wa ndani, na mwenye mipira ya gofu ndani ya tairi atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Mwalimu wa Mekanika

Nimefundisha mitambo kwa muda mrefu, na swali hili linanifurahisha kwa sababu jibu lake halimo katika «ndiyo» wala «hapana» ya haraka.

Tuanze na mpira wenyewe. Kanuni za mchezo wa gofu zinataka mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Mipira 12 basi ina uzito wa takribani gramu 550, ambao unatosha kabisa kufidia kasoro ya kawaida ya tairi ya lori, endapo mipira itakwenda mahali panapotakiwa.

Tairi ya saizi yako, kwa kilomita 80 kwa saa, huzunguka karibu mara 7 kwa sekunde. Katika mzunguko huo kila mpira hukandamizwa kwenye ukuta wa ndani wa tairi kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 4, yaani karibu mara 90 ya uzito wake halisi. Tukichukua kasoro ya gramu 200 kwenye ukingo wa rimu, kwa mwendo huohuo itavuta ekseli kwa nguvu ya takribani kilo 10, ikibadilisha mwelekeo kila mzunguko. Na kwa kuwa nguvu hizi hukua kwa mraba wa mwendo, ukiwa kilomita 40 kwa saa kasoro hiyohiyo huvuta kwa robo tu ya nguvu hiyo. Ndiyo sababu tairi mbovu huwa mpole mjini na mkali barabara kuu.

Sasa, kwa nini mpira ulio huru uende upande mwepesi? Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya mzunguko inajua pa kuupeleka. Haijui. Nguvu hiyo huupeleka mpira mahali palipo mbali zaidi na kitovu halisi cha mzunguko, basi. Kama ekseli ingekuwa imeshikwa kwa ukakamavu kamili, kitovu kisingehama na mpira usingekuwa na sababu ya kupenda upande mmoja kuliko mwingine. Lakini ekseli ya lori imeegemea springi, tena tairi yenyewe ni springi nyingine, kwa hiyo kasoro ya uzito huisogeza ekseli na kitovu kikahama. Swali ni kinahamia wapi.

Chukua jiwe, lifunge kwenye uzi mrefu, ushike ncha ya uzi na jiwe lining'inie. Ukipeleka mkono kulia na kushoto polepole sana, jiwe hufuata mkono. Ukiupeleka haraka kuliko jiwe linavyobembea lenyewe, jiwe huenda kinyume: mkono ukiwa kulia, jiwe liko kushoto. Ekseli hufanya hivyohivyo. Tairi inapozunguka polepole kuliko mtetemo wa asili wa ekseli, yaani kasi ambayo ekseli hutikisika yenyewe ikishtuliwa, ekseli husogea kuelekea upande mzito, upande huo ndio unaokuwa mbali zaidi na kitovu, na mipira huenda hukohuko na kuongeza ubaya. Tairi inapozunguka haraka kuliko mtetemo huo wa asili, mambo hugeuka: upande mwepesi ndio unaokuwa mbali, mipira huenda huko, na kasoro hupungua. Kanuni hii si ya kubuni. Baadhi ya mashine za kufulia nguo hutumia bangili yenye kimiminika au gololi kwenye pipa lake, na baadhi ya vifaa vya kusomea diski za kompyuta viliwekewa gololi ndogo za chuma kwa kazi hiyohiyo. Vyote hivyo huzunguka kwa kasi iliyo juu sana ya mtetemo wao wa asili.

Lori haliko hivyo. Ekseli ya lori hurukaruka juu ya tairi zake kwa takribani mara 8 hadi 15 kwa sekunde, na tairi yako kwa kilomita 80 haijafika hata mara 7. Kwa mtetemo wa kurukaruka, basi, uko upande usiofaa wa mpaka, na nadharia inasema mipira inaweza kukuongezea taabu. Dereva wa Marekani anayekwenda kilomita 115 kwa saa huzungusha tairi karibu mara 10 kwa sekunde, hivyo yuko katika eneo la mpaka huo au ameanza kuuvuka. Tofauti ya mwendo kati ya nchi mbili hizi inatosha kubadilisha jibu.

Kuna jambo moja linaloipa mipira utetezi. Mtetemo wako huanza 60, hupanda 65, hupungua kuelekea 80. Hiyo ni dalili kwamba mfumo wa usukani una mtetemo wake wa asili, tofauti na ule wa ekseli kurukaruka, nao uko karibu na mizunguko 5 na nusu kwa sekunde, na ukifika 80 umeshauvuka. Kwa mtetemo huo mmoja, mipira ingeweza kukusaidia ukiwa 80 na kukuumiza ukiwa 60. Ndiyo maana siwaiti waongo madereva wanaoisifu, ila ushuhuda wao hauwezi kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, achilia mbali kutoka barabara moja hadi nyingine.

Na barabara ina neno lake. Mipira hushikamana na ukuta wa tairi pale tu mwendo unapozidi kilomita 8 au 9 kwa saa. Chini ya hapo huanguka na kurundikana chini. Kila tuta, kila mizani, kila foleni humwaga mpangilio wote, na unaanza upya. Isitoshe, hata kwa mwendo mkubwa mpira hautulii, kwa sababu pale tairi inapogusa barabara ukuta wake hunyooka kwa muda mfupi, nguvu inayoukandamiza mpira hupotea, kisha hurudi kwa ghafla. Hilo hutokea takribani mara 300 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi kila mpira umegongwa. Ganda la mpira wa gofu limetengenezwa kwa plastiki ngumu au yuretheni kustahimili kupigwa na fimbo, si kusuguliwa ndani ya tairi yenye joto. Hulika na kuwa unga, unga huingia kwenye valvu, na utando wa ndani wa tairi, ambao ndio unaozuia upepo usipenye kwenye nyuzi za chuma, husuguliwa pamoja nao.

Mwisho, mipira hukaa katikati ya upana wa tairi. Tairi pana inaweza kuwa na uzito uliozidi ubavu wa ndani upande mmoja na ubavu wa nje upande wa pili, na kasoro hiyo huifanya iyumbe kushoto na kulia badala ya kuruka juu na chini. Mashine ya balansi huiona na huweka kizito kila upande wa rimu. Mipira haiwezi kuigusa.

Msafirishaji wa Ohio

Mwalimu, nimekuelewa, lakini kama hoja yako ni sahihi, basi inazigusa pia shanga na bangili alizozitaja dada wa Mombasa, na bidhaa hizo zimeuzwa kwa miaka mingi kwa wasafirishaji ambao si watu wa kutupa pesa.

Mwalimu wa Mekanika

Inazigusa, na sikusudii kuzitetea kupita kiasi. Kanuni ni ileile na mpaka ni uleule. Tofauti ni kwamba shanga ni nyingi na ndogo, hutawanyika juu ya eneo kubwa na hazipigi ukuta kwa kishindo kimoja kama mpira wa gramu 46. Tena zinaposuguana hunyonya sehemu ya nishati ya mtetemo, jambo ambalo dereva atalihisi kama utulivu hata pale ambapo balansi yenyewe haijakamilika. Bangili nazo kimiminika chake hufanya kazi hiyo ya kunyonya. Kwa tairi ya mbele ya gari linalokwenda 80 bado ningeanza na mashine.

Dereva wa Tunduma

Nawashukuru nyote. Nimeelewa kwamba mwendo wetu wa 80 ndio unaoharibu hesabu, jambo ambalo shemeji hakulifikiria na mimi nisingelijua. Mipira nimeiacha. Fundi wa Msamvu, nitapita Morogoro nikiwa narudi na tela tupu. Nilitazama ule mstari wa ubavuni uliousema: tairi ya kulia mstari uko sawa pande zote, lakini ya kushoto umeingia karibu na rimu upande wa valvu na umeachana nayo upande wa pili. Je, naweza kuiendesha hivyo hadi nifike kwako, au nitafute fundi hukuhuku Makambako?

Fundi Tairi Msamvu

Kama upepo haupungui na hakuna uvimbe ubavuni, unaweza kuja nayo, ila ukae chini ya 60, mahali ambapo mtetemo haujaanza, na upime upepo kila unaposimama. Ukiona upepo unashuka au ubavu umevimba, usiendelee; fungua hapo Makambako. Usijaribu kuikalisha kwa kuongeza upepo kupita kiwango kando ya barabara, kwani ukingo ukiruka ghafla nje ya kizimba huua mtu.

Ukifika Morogoro njoo moja kwa moja bila kulaza gari kwanza, kwa sababu tairi iliyosimama usiku kucha hupata ubapa kidogo sehemu inayogusa ardhi na kupotosha vipimo hadi ipate joto tena. Tutaikalisha upya ya kushoto, tutaisafisha habu, kisha tutaipima kwa chaki kabla ya kuipeleka kwenye mashine. Njoo na tairi yako ya akiba pia. Tukiona ya kushoto bado haizunguki sawa hata baada ya kukaa vizuri, tutaifunga ya akiba kwenye rimu hiyohiyo ili tujue kama kosa ni la tairi au la rimu.